Shafti Iliyoonja Moto

Shida ilinianza mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi. Baba alikwenda porini kurina asali, akarudi amebebwa kwenye machela ya miti. Tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Kalunde, ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Shule niliacha darasa la pili. Sikuiacha kwa uzembe, niliiacha kwa njaa. Lakini kusoma najua, kuandika najua, na haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Anayetaka kucheka mwandiko acheke, meno ni yake.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya chuma sasa, mnaoshika simu mkono mmoja na spana mkono wa pili. Siwachukii. Simu inawaonyesha jinsi ya kufungua kitu ambacho sisi tulikifungua kwa kubahatisha na kula makofi. Ila simu haina pua. Chuma kilichoungua kina harufu yake, na kina rangi yake, na mtu asiyekuambia hivyo hakutakii mema.

Chukueni jeki ya kijiko. Trekta lenye kijiko mbele, kile cha kuzolea mchanga na mawe, mikono yake inanyanyuliwa na jeki mbili, moja kushoto na moja kulia. Ndani ya kila jeki kuna shafti, chuma cheupe kinachong'aa kama kioo, kinachotoka na kuingia kwa nguvu ya oili. Ule weupe ni ngozi ya kromu, nyembamba sana. Chini ya ngozi kuna gamba gumu. Chini ya gamba kuna chuma chenye kunesa kidogo. Vyote vitatu vinafanya kazi pamoja, na ukiua kimoja umeiua shafti, hata kama kwa macho bado inang'aa.

Shafti haijipindi, inapindwa. Kwa hiyo kabla hujaigusa, muulize dereva. Hatakuambia kweli. Atakuambia, "Fundi, mimi nimeamka tu nikaikuta hivyo," kama vile ni ujauzito wa binti wa jirani. Mwache aseme, wewe zunguka trekta. Kona moja ya kijiko imekwanguka? Basi alisukuma kisiki kwa kona ile, mzigo wote ukaenda kwenye jeki moja. Kona zote nzima? Basi alikuwa anashusha mzigo kwa kasi na kuukata ghafla hewani, mchezo wanaoupenda wakiwa na watu wa kuwatazama. Shafti ikiwa nje yote ni ndefu na nyembamba, haina mgongo. Usipotibu tabia ya dereva, utanyoosha leo na wiki ijayo mtaonana tena.

Kunyoosha kwenyewe ni kazi ya baridi, bila moto. Andikeni hilo ukutani kama mna ukuta. Unaitoa shafti, unaiviringisha juu ya meza iliyonyooka huku umeweka taa upande wa pili, unatazama mwanga unapita wapi. Ukipata kilele cha kibiongo unakitia alama ya chaki. Unailaza kwenye presi, mashine ya kubana, juu ya magogo mawili ya shaba au mninga mkavu, kilele kikiwa juu, unabana taratibu. Chuma kina ukaidi, ukikiachia kinarudi. Kwa hiyo unakipitisha kidogo upande wa pili, kidogo tu, halafu unaachia na kupima. Unabana, unaachia, unapima. Mwenye haraka aende akauze vocha.

Ikishanyooka, ipakeni mafuta ya taa, muifute ikauke kabisa, halafu mnyunyizie unga wa chaki. Acheni, mkanywe chai. Mkirudi mkakuta mstari mweusi kwenye chaki, huo ni ufa, mafuta yamejificha ndani yake na sasa yanatoka. Shafti yenye ufa hairudi kwenye trekta. Hata mwenye trekta akilia.

Haya yote alinifundisha Malogo.

Malogo alikuwa Mgogo, mkerezaji vyuma wa karakana ya reli, aliyeletwa Tabora na treni akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Alipostaafu alinunua mashine kuukuu ya kukereza, akaileta gereji kwangu, tukaiweka kwenye pembe isiyovuja. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Utani wetu ni wa njiani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, na katikati ya safari ni Ugogo, nchi kavu, na wenyeji walikaa juu ya visima vyao wakidai hongo kwanza ndipo watu wanywe. Matusi yaliyosemwa pale visimani ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo, ila sasa ni ya kuchekea.

Asubuhi nilikuwa namwamkia, maana alikuwa mkubwa kwangu kwa umri.

"Shikamoo, muuza maji."

"Marahaba, punda wa Mwarabu. Umeamkaje? Mabega yameshapona?"

Kwa wageni ilikuwa vita. Kwetu ilikuwa salamu.

Mtani ana haki ambazo ndugu hana, nyinyi watoto wa mjini hamzijui vizuri. Kwenye msiba mtani anaweza kulala kaburini na kukataa kutoka. Anaweza kuvaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado yanawatoka. Hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Malogo alipofariki, nilikaa mlangoni pa nyumba yake nikazuia jeneza lisitoke, nikasema huyu Mgogo haondoki mpaka arudishe maji yote ya babu zangu. Wanawe walicheka, walinipa kuku, nikawapisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, na sijui kama niliwahi kulia hivyo tangu yale machela.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari ya trekta la Alhaji Sefu.

Alhaji Sefu ni mfanyabiashara wa Tabora mjini, wa ukoo uliokaa hapa tangu enzi za misafara. Baba yake ana asili ya pwani, mama yake Mnyamwezi. Mtu mwenye sala zake na mwenye haraka zake. Alikuwa na trekta la kijiko, na mwaka mmoja alikuwa amekubaliana na kijiji kimoja mbele ya Kigwa alitengeneze lambo lao. Lambo ndilo maji yao yote, ya watu na ya ng'ombe. Tuta lake lilikuwa limeliwa ubavuni, na kila mtu aliona kwamba mvua za kwanza zikilikuta vile, tuta litakwenda na maji yatakwenda, na mwaka mzima watu watachimba mchanga wa mtoni kama nguchiro.

Mdogo wangu Kalunde ameolewa kijiji hicho. Mume wake alishatangulia mbele ya haki. Ana jaruba lake la mpunga chini ya lambo, na wakati ule alikuwa na ng'ombe wawili wa kukokota jembe. Kazi ya pale ilikwenda hivi: kijiko kinazoa mawe, kinanyanyuka, na wanawake wanasimama chini yake ubavuni mwa tuta, wanapokea mawe yakimwagwa kidogo kidogo na kuyapanga kwa mkono. Kalunde ndiye aliyekuwa anawaongoza. Anasimama mbele kabisa, ananyoosha mkono, "Lete! Lete! Simama!"

Siku moja shafti ya jeki ya kushoto ikapinda. Dereva, jina lake Shabani, hakutaka kuileta mjini, aliogopa maneno ya Alhaji. Wanakijiji nao walikuwa wanatazama mawingu. Wakaitoa shafti, wakaipeleka kwa mhunzi.

Sikilizeni vizuri hapa, sitaki mtu amcheke mhunzi. Sisi ni watu wa majembe. Kabla madukani hakujawa na jembe, majembe ya nchi hii yalitoka kwenye mivukuto ya wahunzi wetu, yakaolea wanawake na kununua ng'ombe. Katika damu yetu chuma kikipinda kinapelekwa motoni. Ukimwambia Mnyamwezi nyoosha chuma, mkono wake unatafuta mkaa kabla kichwa hakijafikiri. Yule mhunzi akapuliza moto, shafti ikawa nyekundu katikati, akaigonga juu ya kipande cha reli, akainyoosha. Akainyoosha vizuri! Macho yake yalikuwa na kipimo kuliko rula. Halafu, wekundu ulipokwisha, akaitumbukiza majini. Wakaisugua kwa mchanga, ikang'aa tena, wakairudisha kwenye jeki, trekta likanyanyua. Shangwe. Ila oili ikaanza kuvuja, maana kromu ilikuwa imechubuka na inakwangua mipira ya sili, ile inayozuia oili isitoke.

Ndipo walipokuja kwangu. Alhaji na gari lake, Shabani na trekta, na Kalunde amekaa juu ya bawa la gurudumu, vumbi tupu, kama amechimbuliwa.

"Kaka, mwangaluka," akasema. "Tubadilishie sili tuondoke."

"Mwangaluka. Umekuja kwa trekta safari yote hii?"

"Ningekuja kwa ndege? Badilisha sili, kaka. Mawingu umeyaona."

Nikafungua jeki. Shafti ilipotoka tu nikainusa. Mnacheka, lakini nilinusa. Halafu nikaitazama kwenye jua. Katikati, kwa urefu wa kama mkono mzima, kulikuwa na rangi ya kibuluu iliyofifia, kama shingo ya njiwa. Nikachukua tupa. Kwenye ncha ambako moto haukufika, tupa iliteleza kama ukucha juu ya kioo. Katikati, tupa ikauma. Ikachukua unga wa chuma bila shida, kama ninakwangua msumari.

Nikawaambia, "Hii imekufa."

"Imekufaje na imenyooka?" Alhaji akauliza.

"Maiti nayo inanyooka, Alhaji."

Nikawaeleza. Gamba gumu limelegezwa na moto. Ilivyo sasa itabeba leo, itabeba kesho, siku itakapochoka haitapiga hodi. Itakunjika, na kijiko kitashuka, na chini ya kijiko kuna watu. Nikamtazama Kalunde.

Kalunde hakunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya mama yetu alipokuwa amekasirika kweli, "Kaka. Wewe unakunywa maji ya bomba."

"Kalunde, wewe ndiye unayesimama chini."

"Ndiyo. Ni mimi ninayesimama. Sikukuomba usimame wewe."

Alhaji naye akaingia. Akasema fundi akizeeka anakuwa mwoga, kwamba Tabora haina gereji moja, kwamba sili anazo mkononi na Shabani anajua kuzivisha. Nikamwambia trekta ni lako, mkono wangu ni wangu. Sigusi. Nikarudi nyuma nikakunja mikono. Na kweli wakaanza, Shabani na Alhaji, palepale kwenye uwanja wangu, na wakaifunga ile jeki vizuri kabisa, haikuvuja hata tone. Mimi nimesimama kama kisiki. Nilikuwa na ukweli wote mkononi na hakukuwa na mtu wa kuupokea. Nawaambieni, hakuna uzito kama huo, hata bloku ya injini ni nyepesi. Ningelala mbele ya matairi, Alhaji angeniita kichaa na Kalunde angeniita adui. Ndugu hawezi. Ndugu akizuia, ni ugomvi.

Malogo akaja wakati huo kutoka kunywa kahawa, fimbo mkononi na shuka lake jekundu begani. Akakuta trekta linanguruma, mimi nimenuna.

"Wewe punda, nani kakuvua tandiko?"

Nikamwambia kwa maneno machache. Imechomwa moto. Wanaondoka nayo. Kalunde anasimama chini.

Hakuuliza swali hata moja. Alikwenda akalichungulia lile trekta, akapitisha kidole kwenye shafti kama anavyopapasa mtoto mgonjwa, halafu akaenda mpaka katikati ya geti, akatandika shuka chini, akalala chali, akafunga macho. Kisha akaanza kulia msiba.

"Yalaaa! Jamani njooni! Wanyamwezi wamekwisha! Kalunde wangu! Kalunde, ulinidharau ulipokuwa hai, sasa nani atanidharau? Wamemponda kama karanga! Hata uso hauonekani wa kufunikwa!"

Watu wakaanza kusogea. Mama ntilie wa jirani akaacha sufuria.

Kalunde akashuka kwenye trekta amefura. "Wewe Mgogo, toka hapo! Kafie kwenu!"

"Mnamsikia? Maiti inaongea! Ndiyo ubishi wao hawa, hata kufa hawakubali!"

Watu wakacheka. Kalunde naye mdomo ulimlegea kwa kicheko kidogo, akaukaza tena. Shabani akapiga honi. Malogo akaendelea, sasa anamlilia Shabani, kwamba kaacha mke mbichi, na yeye Malogo kama mtani ameshakubali kumrithi, atamtunza vizuri, meno tu ndiyo hana. Halafu akamgeukia Alhaji.

"Na huyu Sefu, mtoto wa Mnyamwezi kwa mama, babu zake wa upande wa baba ndio waliowabebesha Wanyamwezi mizigo. Wao waliwabebesha wakiwa hai, yeye sasa anawabebesha wafu!"

Hapo kicheko kikakatika. Alhaji alisimama mkono kiunoni. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angempigia polisi. Lakini alikuwa mtani, na watu wanatazama, na mama yake Alhaji alikuwa Mnyamwezi kweli.

"Sawa, mzee wangu," akasema taratibu. "Umeshinda. Unataka nini utupishe? Nikuletee kuku?"

"Kuku ninao, wake zangu wanafuga. Mimi nataka mzigo."

"Mzigo gani?"

"Nyinyi si wabeba mizigo? Bebeni niwaone. Hapa, mbele yangu, uzito uleule wa mawe yenu. Ikibeba, nainuka, nawafungulia geti na kuwaimbia."

Alhaji akaniangalia. Akamwambia Shabani, "Beba, tumalize ujinga huu."

Tukapakia kijikoni bloku chakavu za injini na vipande vya reli. Shabani alipima kwa macho, akasema huo ndio uzito wa mawe. Nikawasogeza watu wote nyuma ya ukuta, maana oili ya jeki ikipasuka inakata ngozi kama wembe. Kijiko kikanyanyuka. Malogo akaenda kwenye pembe yake ya mashine, akachukua kigoda chake cha mninga alichokuwa anakalia akikereza, akakisukuma kwa fimbo hadi chini ya kijiko, mwenyewe akibaki pembeni.

"Hapa ndipo anaposimama Kalunde. Sivyo, mama?"

Kalunde akajibu, "Sogeza mbele kidogo." Akasogeza kwa fimbo, akaja nyuma ya ukuta.

Jeki ikabeba. Kijiko kilikaa juu, kimetulia. Alhaji akatabasamu, na nisiwadanganye, hata mimi nilifikiri labda nimekosea.

"Huko lamboni huwa unashusha polepole?" Malogo akamuuliza Shabani kutoka nyuma ya ukuta. "Au unakata hewani kama wanaume?"

Shabani akaona haya, akashusha kwa kasi kidogo, akakata. Mikono ya trekta ikatikisika. Ikabeba. Akanyanyua tena, akashusha, akakata.

Haikuvunjika kwa kishindo kama mnavyofikiri. Ilikunjika katikati, pale pale penye rangi ya shingo ya njiwa, kama mkono unavyokunjwa kwenye kiwiko. Mzigo wote ukaruka upande wa kulia, pini ikachomoka, na kijiko kikashuka na kila kilichokuwemo. Ardhi ilinipiga nyayoni. Oili ilifika ukutani.

Vumbi lilipotulia kigoda hakikuwepo. Kulikuwa na vibanzi, na shimo.

Shabani alikuwa bado ameshika usukani, tukamshusha sisi. Alhaji akakaa chini kwenye oili na kanzu yake. Malogo mwenyewe hakutania tena. Kalunde akatembea mpaka kwenye lile shimo, akasimama ukingoni, akatazama. Sikumwona akilia. Akasema:

"Basi tengenezeni. Ila mvua haitawangoja."

Akaondoka siku ileile kwa lori la mkaa kurudi kwake.

Tulitafuta shafti nyingine. Spea mpya ilikuwa ya kuagizwa mbali. Tukazunguka penye vyuma chakavu vyote hadi tukapata jeki ya buldoza lililokufa kwenye machimbo ya kokoto, shafti yake ya unene uleule, ndefu zaidi, nzima, haijawahi kuonja moto. Malogo akaifunga kwenye mashine, akaanza kukata uzi wa upande wa pistoni. Mimi nilichomelea jicho, ile pete ya kupitishia pini, upande wa pili, kwa vipande vifupi, nikiacha kipoe, na shafti nimeivika gunia lililoloa nyuma ya jicho ili joto lisipande. Kazi kama hiyo hairukwi hatua. Tukiwa katikati ya kazi, mvua ikaanza kupiga mabati.

"Malogo, mvua."

"Naisikia."

"Kaza mwendo kidogo."

Hakunyanyua uso. "Mashine haijui mvua. Wewe ukitaka kukimbia, kimbia, utanikuta hapahapa."

Nilimchukia wakati ule. Nilisimama nyuma yake nikihesabu kila uzi unaokatwa, na kila ngurumo niliona tuta. Sikumwambia tena. Alipomaliza alipitisha uzi ule kwenye nati, ukaingia kama kidole kwenye asali. Tukapaka mafuta ya taa, tukapaka chaki, tukangoja. Ndiyo, tulingoja, mvua ikinyesha. Chaki ilibaki nyeupe.

Trekta lilipofika kijijini tuta lilikuwa limekatika upande ule ulioliwa. Watu walikuwa wamesimama kwenye tope hadi mapajani, wanabeba udongo kwa makarai na kanga. Shabani alifanya kazi bila kupumzika, akaziba, na sehemu ya maji ikabaki. Sehemu. Mpunga wa Kalunde ulifunikwa na mchanga wote, jaruba halikuonekana lilipokuwa. Kiangazi kilipokuja maji yaliisha kabla ya wakati wake, na ng'ombe wake wawili walikufa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata alilima kwa jembe la mkono.

Nilimpelekea magunia ya mahindi. Aliyapokea, akanipa kiti, akanipikia. Nilipokuwa naaga ndipo aliposema, "Kaka, wewe na Mgogo wako mlitupatia roho, mkatunyima maji."

Nilikwenda pia kwa mhunzi, na ile shafti iliyokunjika. Sikwenda kugomba. Nikampa tupa, nikamwambia apitishe nchani, halafu apitishe katikati. Akapitisha. Akarudia. Mzee mkubwa yule, mikono kama magome. Akaniambia, "Kumbe kuna chuma kinachougua moto." Nikamwambia kipo, na siku hizi ni kingi. Akanishukuru. Tangu siku ile wakimletea shafti huwaambia wapeleke mjini.

Ninyi mtakaokuja kushika kazi hii, mtakutana na mwenye mali mwenye haraka. Huyo ni rahisi. Mtakutana na dereva mwongo, huyo naye ni rahisi. Siku ngumu ni ile ambayo mwenye kukubembeleza ufanye haraka ndiye atakayesimama chini, na sababu yake ni ya kweli, na mawingu yake ni ya kweli. Hapo sina somo la kuwapa. Nina tupa na chaki tu. Pimeni, mseme mlichokiona, na msitegemee kushukuriwa.

Mimi nimeacha kazi. Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma mtaa wa Cheyo, vyumba vinne, bati nzima. Gereji, ambayo sasa anaiendesha binti yangu. Presi moja, majiliwa mawili, mashine ya kukereza iliyo kwenye pembe isiyovuja. Mizinga ya nyuki porini. Goti moja zima. Mke mmoja. Kaburi la Malogo, ninalolifyeka mimi kwa kuwa wanawe wako mbali. Na mdogo wangu Kalunde, mzima, anapumua, ana wajukuu. Hajawahi kuniambia kwamba nilifanya sawa, nami sijamuuliza.